Nimeitwa kusomea ubongo wa nzi Ujerumani, baba amenyamaza

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Muheza mkoani Tanga. Shahada ya kwanza nilisoma biolojia ya molekuli Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, uzamili nikafanya Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela, utafiti wangu ukiwa juu ya mbu wa malaria. Tangu nimalize nimekuwa mtu wa mikataba mifupi. Mradi ukipata fedha naitwa, zikiisha narudi nyumbani kumsaidia mama genge.

Mdogo wangu wa mwisho yuko darasa la tano. Alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam akiwa mchanga, akawekewa mpira wa kushusha maji kutoka kichwani kwenda tumboni. Mpira uliwahi kuziba tukakimbizana naye usiku, na kiwanja alichokuwa nacho baba kiliuzwa wakati huo. Anatembea kwa magongo, lakini kwa hesabu anawashinda wenzake darasani. Nilikuwa kidato cha tatu alipozaliwa, na nilipoamua kusoma sayansi nilimwambia kila mtu nyumbani kwamba naenda kutafuta kilichompata huyu mtoto.

Sasa vimekuja vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni nafasi ya uzamivu Ujerumani. Maabara inachunguza ubongo wa nzi wa matunda unavyojengeka, hasa namna seli mama za ubongo zinavyojua muda wa kuacha kugawanyika. Mkataba ni wa miaka mitatu, wanasema unaweza kuongezwa. Cha pili, jina langu limetoka kwenye ajira za Utumishi: kazi ya kudumu kwenye maabara ya taasisi ya serikali, natakiwa kuripoti ndani ya siku 14.

Baba ni mwalimu mstaafu, hana maneno mengi. Nilipomweleza habari za Ujerumani aliniuliza swali moja tu: "Huyo nzi ana uti wa mgongo?" Nikasema hana. Hajaongea tena juu ya jambo hilo. Mjomba anasema niripoti kazini kwanza, nikishapata cheki namba, ile namba ya mshahara wa serikali, niombe ruhusa ya masomo niondoke. Mama anahesabu miaka, anasema nitarudi nina 32 sina mume wala mtoto.

Nami mwenyewe nina mashaka. Nasoma kwenye intaneti kwamba wenye uzamivu wamejaa na wanazunguka na mikataba mpaka nywele zinakuwa mvi. Na nikirudi Tanzania, nani ataniajiri kwa ajili ya ubongo wa nzi?

Kuna jambo lingine sijamwambia mtu. Nilipokuwa nakaa kwenye hadubini nikipasua mbu kutoa tezi za mate, nilikuwa simkumbuki mdogo wangu hata kidogo. Nilikuwa nafurahi tu, saa zinapita sijui. Najiona kama nimemtumia yeye kupata ninachokipenda. Hiyo si dhambi, Mwalimu?

Nisaidie.

Binti wa Muheza

Tena: mama anauliza kama ni kweli kwamba na mimi nikija kubeba mimba mtoto wangu anaweza kuwa hivyo. Watu wanasema iko kwenye damu.

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda Ujerumani. Nimetanguliza jibu kwa sababu siku zako 14 zinakimbia. Mengine utayasoma taratibu.

Nianze na mjomba. Nia yake njema, ila mpango wake haupiti. Mtumishi mpya hukaa kwenye majaribio miezi 12 kabla ya kuthibitishwa, na ruhusa ya masomo ya miaka kwa kawaida haitolewi kwa asiyethibitishwa. Profesa naye hawezi kukungoja mwaka mzima, fedha za mradi wake zina tarehe ya kwisha. Ukiripoti, ukachukua cheki namba, kisha ukapanda ndege, hilo linaitwa utoro kazini, na siku ukitaka kurudi serikalini faili litakuwa limekutangulia. Njia mbili zilimshinda fisi. Waandikie barua fupi ya adabu kwamba hutaichukua nafasi, ili aitwe aliyekufuata kwenye orodha. Huenda naye anasaidia genge la mama yake.

Sasa tuje kwa baba. Swali lake ni zuri kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako, na nadhani amenyamaza kwa kuwa jibu ulilompa lilikuwa fupi mno. Ni kweli, nzi hana uti wa mgongo. Kamba yake ya neva inapita upande wa tumbo, wala haitengenezwi kwa bamba la seli kujikunja mpaka liwe mrija, kama inavyokuwa kwetu tukiwa tumboni; mrija huo wa neva usipofunga vizuri mgongoni, ndio mgongo wazi. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba utaona mgongo wazi kwenye nzi anakudanganya. Lakini kuna habari ambayo ningependa umsomee mzee jioni moja akiwa ametulia, maana mwalimu hakatai somo likiwa na mantiki.

Bawa la nzi wa matunda limejaa vinyweleo vidogo mno, kwa kawaida kimoja kwa kila seli, na vyote hulala kuelekea ncha ya bawa. Kwa miaka mingi kulikuwa na watu waliokula mshahara kwa kuuliza swali linaloonekana la kipuuzi: seli inajuaje ncha iko upande gani? Walitafuta nzi wenye kasoro, wale ambao vinyweleo vyao vimelala ovyo, kisha wakasaka jeni iliyoharibika. Mwaka 1998 ikachapishwa jeni moja ambayo ikikosekana vinyweleo vinajizungushazungusha kama mistari ya brashi kwenye picha za Van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi, basi jeni yenyewe ikaitwa Van Gogh. Mwaka huohuo kundi lingine liliifikia jeni hiyohiyo kwa kupitia macho ya nzi, likaipa jina lake. Watu wa nzi ndivyo walivyo, wanapenda kubatiza.

Mbali kabisa na hao, kwenye maabara za panya, kulikuwa na ukoo wa panya uliojulikana tangu miaka ya 1940 kwa mkia uliojikunja kama kitanzi. Panya aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja aliishi na mkia wake huo. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hakuishi, na mrija wake wa neva ulikutwa wazi kutoka kwenye ubongo hadi chini ya mgongo. Mwaka 2001 jeni ya panya hao ikajulikana. Ni ndugu wa Van Gogh wa nzi.

Ukiifikiria, inaingia akilini. Ili mrija wa neva ufunge, seli za kiinitete, yaani mimba ikiwa bado changa kabisa, lazima zijue upande gani ni katikati na zisogee huko, bamba lirefuke na lipungue upana. Zisipojua mwelekeo, bamba linabaki pana, kingo zake mbili zinainuka zikiwa mbali mno na haziwezi kukutana. Kile kinachokiambia kinyweleo cha nzi kilale upande gani ndicho kinachoiambia seli ya mgongo isogee upande gani. Mwaka 2007 jeni nyingine ya ukoo huo ilikutwa na kasoro kwa baadhi ya watu wenye mgongo wazi. Kwa baadhi, nasisitiza, na ni wachache. Usimwambie mzee kwamba ndicho kilichompata mwanawe. Kwa watoto wengi sababu ni mchanganyiko wa jeni kadhaa, lishe na mengine, na hakuna daktari atakayekuonyesha jeni moja akasema ni hii.

Lakini mwanangu, baba hakukosea kuwa na wasiwasi, kwa sababu mradi wako hauhusu hata hayo ya vinyweleo. Umesema mwenyewe: seli mama za ubongo na muda wa kuacha kugawanyika. Hilo liko karibu zaidi na watoto wanaozaliwa na kichwa kidogo kupita kiasi. Iko jeni inayoitwa asp, iliyojulikana kwanza kwa nzi, inayohusika na nyuzi zinazopanga kromosomu seli inapogawanyika. Ya kwetu inaitwa ASPM. Mwaka 2002 ilibainika kwamba ikiharibika kutoka kwa wazazi wote wawili mtoto huzaliwa na ubongo mdogo, na mpaka leo ni miongoni mwa sababu kuu za tatizo hilo linapokuwa la kurithi. Kazi yako itakuwa kwenye ujirani huo. Ujirani wa mdogo wako ni mwingine.

Kwa hiyo nyumbani sema hivi, bila kuremba: siendi kusomea ugonjwa wa mdogo wangu, naenda kusomea namna ubongo unavyojijenga. Itakuuma kulisema, maana umeimba wimbo mwingine tangu kidato cha tatu. Usipolisema sasa, kila likizo utaulizwa umefikia wapi na dawa, nawe utaanza kutunga.

Na hapo ndipo ninapokujibu kuhusu "dhambi" yako. Si dhambi, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kukuambia nenda. Kama ungeniandikia kwamba kila ukishika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone maabara, unamwona mdogo wako, ningekushauri uchukue kazi ya serikali. Mtu aliyeingia maabara kwa ajili ya mgonjwa wake tu huvunjika mapema, kwa kuwa mgonjwa anakua kwa kasi yake na utafiti una kasi yake. Mdogo wako huenda akawa ameshamaliza sekondari wakati wewe bado unajibizana na wahakiki wa makala yako.

Unajua siku itakavyokuwa? Utachukua buu wa nzi, umpasue kwa koleo mbili nyembamba, utoe ubongo ambao hata nusu milimita haufiki. Ukiudondosha, umepotea. Utauloweka kwenye dawa, utaupaka kingamwili zinazong'aa, utaulaza usiku kucha kwenye baridi, kesho yake utakaa chumba cha giza mbele ya hadubini ya leza na kukuta picha nyeusi tii. Hujui kama ni kingamwili zimekufa, au ulisahau hatua, au kweli protini haipo pale. Unarudia. Miezi mingi ya uzamivu inakwenda hivyo, na haibebwi na huruma. Anayeweza kuibeba ni yule anayepasua tezi za mate za mbu, zilizo ndogo vilevile, na saa zinampita hajui. Mikono yako tayari imefanya nusu ya mafunzo. Ukiongea na profesa mwambie hivyo waziwazi, usiitaje kazi ya mbu kana kwamba ni ya kuonea haya.

Kuna mtu ambaye watu hupenda kumtaja kwa vijana kama wewe, Rita Levi-Montalcini wa Torino, Italia, aliyezaliwa 1909. Baba yake hakutaka mabinti zake waende chuo, akiamini usomi utawaharibia ndoa. Rita alimwendea akiwa na miaka 20, akamweleza, mzee akakubali kwa shingo upande, akasomea udaktari. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikatunga sheria za kibaguzi zilizowafukuza Wayahudi, yeye akiwemo, kwenye kazi za vyuo. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akawa anachunguza neva za vifaranga ndani ya mayai ya kuku kwa sindano za kushonea alizozinoa. Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia, wakikuambia ukiwa na nia hata chumbani utafanya sayansi.

Mimi napenda sehemu inayofuata. Mwaka 1947 alialikwa na Viktor Hamburger, mtaalamu wa viinitete, kwenda St. Louis, Marekani, kwa ziara ya miezi michache, akakaa kama miaka 30. Huko alipata vifaa, na kuanzia 1953 akafanya kazi na Stanley Cohen, mwanakemia aliyekuwa na ujuzi ambao yeye hakuwa nao. Protini waliyoipata pamoja, inayoziambia neva zikue, ndiyo iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 1986. Chumba cha kulala kilimpa swali, jibu lilipatikana palipokuwa na watu na mashine. Baadaye alirudi Italia, akajenga taasisi, na mwaka 1992 yeye na pacha wake Paola walianzisha mfuko wa kusomesha wasichana wa Afrika kwa kumbukumbu ya baba yao, yuleyule aliyekuwa hataki. Alifariki 2012 ana miaka 103. Umweleze mama hiyo namba pia, anapohesabu 32.

Haya, ya mkataba. Ujerumani mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huajiriwa, ana mshahara na bima. Lakini soma asilimia. Kwenye biolojia wengi hupewa asilimia 65 ya ngazi ya mshahara inayoitwa E13, huku saa unazokaa maabara zikiwa za asilimia mia na ushee. Ukitoa kodi, bima na pango, kinachobaki kinatosha mtu mmoja asiye na makuu. Usimwahidi baba kiasi cha kutuma kabla hujalipa pango la kwanza. Ukishakijua, kiwe kidogo cha kila mwezi, kiende moja kwa moja kwenye kliniki na nauli za mdogo wako. Familia nyingi zinagombana na aliye Ulaya kwa sababu hakuna aliyetaja namba. Na usiisahau Bodi. Ukiajiriwa hapa wanakata asilimia 15 kwenye mshahara, ukiwa nje hakuna wa kukukatia, na deni halifutwi na viza. Andikiana nao kabla ya safari.

Kabla ya kusaini, omba kuongea na wanafunzi wa maabara hiyo bila profesa kuwepo, na hata waliokwisha kuondoka. Waulize mwaka wa nne analipa nani, maana miaka mitatu haitoshi na "unaweza kuongezwa" si ahadi. Waulize nani aliondoka bila shahada, na kwa nini. Waulize kama mwanafunzi ana kamati ya wasimamizi wengine au yuko chini ya mtu mmoja tu. Mtu mmoja akiwa na hasira nawe huna pa kwenda, na hilo linatokea huko kama linavyotokea kwetu. Wakisitasita kwenye simu, hilo nalo ni jibu, niandikie tena.

Uliyoyasoma kwenye intaneti kuhusu mikataba ni kweli, sitakupamba. Wanaomaliza uzamivu ni wengi mno kuliko viti vya uprofesa. Sheria ya Ujerumani kwa kawaida inampa mwanasayansi miaka sita ya mikataba ya muda kabla ya uzamivu na sita baada yake. Baada ya hapo apate kazi ya kudumu au atafute njia nyingine, ingawa fedha za miradi ya nje ya chuo huongeza mlango. Watu wamepiga kelele sana juu ya sheria hiyo. Kwa hiyo nenda ukijua kwamba huenda hutakuwa profesa wa ubongo wa nzi. Wenzako wengi wako kwenye kampuni za dawa, maabara za hospitali, majarida, uchambuzi wa data. Wanakula vizuri tu.

Na Tanzania? Nzi wa matunda ni mnyama wa maskini, kama ulikuwa hujui. Chakula chake ni uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira, ukigandishwa. Kwenye nyuzijoto 25 anatoka yai hadi kuwa mzima kwa siku kumi hivi. Magharibi mwa Uganda, kampasi ya Ishaka ya Kampala International University, wamekuwa wakifundisha watafiti wa Afrika kutumia nzi huyu kusoma ubongo, kwa ushirikiano na mtandao wa wanasayansi uitwao TReND, ambao pia hukusanya vifaa vya maabara vilivyotumika na kuvileta vyuo vya huku. Pale Kilifi, Kenya, kuna mradi wa NeuroDev unaochunguza jeni za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, sambamba na Cape Town. Miradi ya namna hiyo inapata damu na mate ya watoto wetu kwa wingi. Wanaotafutwa kwa tochi ni watu wanaoweza kukaa na data za jeni na kuzisoma. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza jifunze R na Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, hata kama profesa anataka uwe wa koleo na hadubini tu. Hapo ndipo mlango wa kurudi ulipo.

La mume nakuachia wewe na Mungu wako. La mtoto, mama ajue kwamba watu huzaa wakiwa kwenye uzamivu, na mwajiriwa Ujerumani ana likizo ya uzazi ya wiki 6 kabla na 8 baada, kwa malipo.

Nimeliacha la mwisho swali lake, kwa kuwa ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote niliyoandika. Ndiyo, ndugu wa mtu mwenye mgongo wazi ana uwezekano ulio juu kidogo kuliko mwanamke mwingine, lakini bado wengi wao huzaa watoto wasio na tatizo hilo. Tena kuna kinga. Mwaka 1991 Waingereza walichapisha utafiti uliohusisha nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro ya namna hii. Waliopewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku, marudio yalipungua kwa asilimia 72. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Ona, waliofanya hivyo hawakugusa jeni hata moja, walihesabu tu vidonge na watoto, na wamewakinga watoto wengi kuliko watu wa pipeti wote. Namna hasa foliki inavyousaidia mrija kufunga bado haijaeleweka yote, kwa hiyo mkate wenu upo.

Shida ni muda. Mrija hufunga kwenye siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati mwanamke hata hajajua. Vidonge vya kliniki, vile vya kuongeza damu vyenye foliki ndani, anavipata mimba ikiwa na miezi mitatu, minne, mitano, na kwa jambo hili gari limeshaondoka. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga mwaka 2011, lakini unga wa mashine ya kijijini, ule mnaokula Muheza, aghalabu hauna. Kwa mwanamke wa kawaida ni miligramu 0.4 kila siku, kuanzia walau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Kwa mwenye historia kama yako daktari anaweza kukuandikia dozi kubwa zaidi. Siku utakayojiandikisha kwa daktari huko Ujerumani, hata kama huna mpango wa kuzaa leo wala kesho, mtajie mdogo wako aiandike kwenye faili. Na nyumbani uwakumbushe kabla hujaondoka: mtoto mwenye mpira akianza kutapika, kuumwa kichwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, wasingoje kupambazuke.